Mtoto wa Kambo: Upendo Uwe na Karatasi

Popote ulipo, iwe ni Lorugum, Lodwar, Kakuma au njiani na mifugo, sogea karibu na redio. Kama jirani yako ana mtoto aliyekuja naye katika ndoa, mwite mje msikilize pamoja.

Mara nyingi tunapozungumza juu ya afya ya mtoto tunataja chanjo, uji, maji safi na chandarua. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo halionekani kwenye mizani ya kliniki, lakini linaweza kumzuia mtoto kupata matibabu na shule, na hata kumnyima usingizi. Tunazungumza juu ya mtoto anayelelewa na baba wa kambo au mama wa kambo, huku mzazi wake mmoja akiwa hayupo. Je, huyo anayemlea anaweza kuwa mzazi wake kisheria? Inafanywaje? Na je, kila mara ni lazima?

Tuanze na mfano. Tuseme kuna mama hapa Lorugum. Alipata mtoto wa kiume na kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi za barabara. Mtoto alipokuwa na miezi minane, yule kijana aliondoka. Simu haikuita tena. Miaka miwili baadaye mama aliolewa na mwanaume mwingine. Huyu ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kuvuka laga kwenda hospitali alipokuwa na malaria. Ndiye aliyemnunulia sare ya shule. Mtoto anamwita baba, na hajui baba mwingine.

Sasa mtoto ana miaka tisa, na tumbo lake limeanza kuvimba upande mmoja. Daktari anasema huenda ni ule uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa, ugonjwa ambao sisi Waturkana tunaujua vizuri, na kwamba atahitaji upasuaji Lodwar. Wakati huo mama amejifungua kwa shida na hawezi kusafiri. Baba wa kambo anampeleka mtoto. Anafika, anapewa karatasi ya ruhusa ya upasuaji, anaulizwa: "Wewe ni mzazi wake?" Anajibu ndiyo. Anaombwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hakuna cheti. Anaulizwa kama mtoto amesajiliwa chini yake kwenye SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Hajasajiliwa. Baba anakaa kwenye benchi na mtoto wake, na siku inaisha.

Mama, hapo nani ana makosa? Mhudumu anafanya kazi yake. Hawezi kumpasua mtoto kwa neno la mtu asiyemjua. Baba naye hajadanganya moyoni mwake. Kinachokosekana ni karatasi. Lakini sikiliza vizuri: ikiwa mtoto yuko katika hatari ya kufa, mpeleke hospitali mara moja, uwe na karatasi au usiwe nazo. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Usikae nyumbani ukitafuta cheti wakati mtoto anapoteza maji mwilini au anatokwa na damu. Karatasi ni za kutayarishwa mapema, wakati mtoto ni mzima.

(Muziki mfupi)

Tunaendelea. Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Ukijifungulia hospitalini, utapewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Ukijifungulia nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu, yeye ndiye anayeandikisha watoto waliozaliwa nyumbani. Fanya hivyo kabla mtoto hajafikisha miezi sita. Baada ya hapo bado inawezekana, lakini inakuwa usajili wa kuchelewa, wenye maswali na safari nyingi zaidi.

Akina mama wengi huogopa kuandikisha mtoto kwa sababu baba hayupo. Usiogope. Mtoto ana haki ya jina na uraia tangu anapozaliwa, hata kama baba yake ametoweka. Na mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha sheria kilichozuia jina la baba kuandikwa kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kilikuwa kinapingana na Katiba.

Hapa pana mtego, mama, na nataka uusikie vizuri. Wengine husema: "Kwa nini tusumbuke? Tumwandike tu baba wa kambo kuwa ndiye aliyemzaa." Usifanye hivyo. Kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa la jinai. Tena ni kumwekea mtoto uongo ambao siku moja utafumuka, labda siku ya ugomvi wa urithi, wakati wewe haupo kumtetea. Njia ya kweli ya baba wa kambo kuwa baba kisheria ipo, na inaitwa kuasili.

Kuasili mtoto ni nini? Ni amri ya mahakama inayomfanya mtoto awe wa yule anayemwasili, kama vile amezaliwa naye katika ndoa. Haki na wajibu wa yule mzazi aliyeondoka zinakatika. Mama mzazi anapoomba pamoja na mume wake, yeye anabaki kuwa mama, na mume anakuwa baba. Mtoto huandikwa katika rejista ya watoto walioasiliwa na kupata cheti. Kuanzia hapo yule baba anaweza kutia sahihi hospitalini, shuleni na kwenye bima. Akifa, mtoto anarithi kama watoto wengine wa nyumba.

Si jambo la kufanya kwa hasira. Hauwezi kumwasili mtoto leo, halafu mkigombana mwaka ujao umrudishe kwa wajomba zake. Ni ya kudumu. Baba anayesita ni afadhali asite sasa kuliko baadaye.

Sasa, vipi kuhusu yule aliyeondoka? Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hiyo mahakama haimfuti mzazi hivi hivi tu. Kwa kawaida anatakiwa kukubali. Akiwa hai na anajulikana alipo, ataulizwa. Lakini sheria inampa jaji uwezo wa kuendelea bila kibali chake ikiwa amemtelekeza mtoto, ikiwa ameshindwa kumtunza kwa muda mrefu bila sababu, ikiwa amemtesa, ikiwa hawezi kupatikana, au ikiwa anakataa bila sababu ya maana.

Maneno "hawezi kupatikana" yana uzito. Jaji atataka kujua mmemtafuta wapi. Mmeuliza nyumbani kwao? Mmeuliza chifu wa huko alikotoka? Mmewauliza ndugu zake? Wekeni kumbukumbu: tarehe, jina la mliyemuuliza, jibu alilotoa. Barua ya chifu inasaidia. Na kama amefariki, tafuteni cheti cha kifo.

Kabla hujafika huko, jiulize swali jingine. Je, huyo baba hayupo kweli, au yupo ila hataki kutoa matumizi? Kama anafanya kazi Lodwar au Eldoret na anajulikana, unaweza kumpeleka katika Mahakama ya Watoto ili aamriwe kumtunza mtoto wake. Ukishamkata kwa kuasili, huwezi tena kumdai matumizi. Pima jambo hilo kabla ya kuchagua.

Wasikilizaji wetu hupenda kuuliza: tunaanzia wapi? Sikiliza hatua hizi polepole.

Hatua ya kwanza, nendeni wote wawili kwa afisa wa watoto wa eneo lenu. Sisi wa Loima tunahudumiwa na ofisi ya kaunti ndogo. Elezeni hali yenu bila kuficha kitu. Hatutoi zawadi wala kitu kidogo. Kumsikiliza mwananchi ni kazi ya afisa huyo.

Hatua ya pili, tayarisheni karatasi: vitambulisho vyenu, cheti cha mtoto na uthibitisho wa ndoa. Hapa wengi huuliza, "Mahari yetu haijaisha, je, sisi tumeoana?" Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila, na inasema kwamba mahali ambapo mahari inahitajika, kutoa sehemu yake ya kuonyesha nia kunatosha kuthibitisha ndoa hiyo. Ndoa ya kimila pia inaweza kusajiliwa na kupata cheti. Kwa hiyo msisubiri mpaka ng'ombe na ngamia wote wafike ndipo mfikirie mtoto.

Hatua ya tatu, hali ya mtoto na ya nyumba yenu itachunguzwa, na mtoto atangazwe kuwa anaweza kuasiliwa. Afisa atawaeleza ni shirika gani lililosajiliwa litakalohusika. Watakuja nyumbani. Wataangalia mtoto analala wapi, anakula nini, kama anasoma, kama anapigwa. Usipake nyumba rangi kwa ajili yao. Wanatafuta usalama, hawatafuti utajiri. Mtoto pia lazima awe amekaa chini ya uangalizi wenu kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi, jambo ambalo baba wa kambo wengi wameshatimiza mara nyingi.

Hatua ya nne ni ombi katika Mahakama Kuu. Sisi tuna bahati, Mahakama Kuu ipo Lodwar. Hatulazimiki kwenda Kitale. Mahakama itamteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika kesi. Huyo si wakili wenu, yeye kazi yake ni kumwangalia mtoto peke yake. Mtoto mkubwa wa kutosha kuelewa ataulizwa anataka nini, na jibu lake lina uzito. Msimfundishe la kusema. Kama hamna pesa za wakili, ulizeni juu ya msaada wa kisheria wa serikali. Tangu mwaka 2016 kuna sheria maalum ya msaada huo kwa wasiojiweza.

Haya yote yanasimamiwa na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001. Ukiambiwa na mtu kwamba kwa fedha fulani atakupatia cheti cha kuasili kwa wiki moja, kimbia. Kutoa au kupokea malipo ili mtoto aasiliwe ni kosa.

Sasa tuje kwa mila zetu. Hapa Turkana, mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari huhesabiwa nyumbani kwa babu yake mzaa mama, hadi mifugo itolewe. Kwa hiyo mwanaume anaweza kumlea mtoto miaka kumi, kisha wajomba wakasema, "Huyo ni wetu." Kuna wakati wanasema hivyo kwa upendo. Kuna wakati ni kwa sababu msichana amekaribia kuolewa na mifugo inakuja. Mahakama haitaomba ng'ombe, lakini amani ya nyumba inaomba mazungumzo. Mzee wa nyumba aende kwa baba mkwe wake kwa heshima, mapema, aeleze nia yake. Babu aliyeshirikishwa huwa shahidi mzuri kuliko babu aliyesikia habari sokoni.

Na mifugo ya urithi je? Hili wengi hawalijui. Sheria ya Urithi ya Kenya inasema kwamba katika maeneo kadhaa ya wafugaji, Turkana ikiwemo, mtu akifa bila wosia mifugo yake hugawiwa kwa kufuata mila ya jamii yake. Mtoto wa kambo ambaye hakuasiliwa anaweza kujikuta nje ya boma alilochunga mbuzi wake tangu utoto. Ni kweli sheria hiyo hiyo inamruhusu kwenda mahakamani kama alikuwa akitunzwa na marehemu, lakini ni mtoto gani wa miaka kumi na miwili atakayekwenda mahakamani peke yake?

Kwa hiyo, baba, kama bado hujawa tayari kuasili, au kesi inachukua muda, andika wosia. Wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako au alama ya kidole na mashahidi wawili. Mtaje mtoto huyo kwa jina, na umtaje mbuzi au ngamia wake. Mama naye anaweza kuandika katika wosia kwamba akifa, mume wake awe mlezi wa mtoto. Mlezi wa namna hiyo ana uwezo mkubwa zaidi wa kumtetea mtoto kuliko mtu aliyekuwa tu mume wa mama. Ni hatua ndogo, inaweza kufanywa mwezi huu. Ndugu zetu Waislamu nao wana ulezi wa kafala, ambao Sheria ya 2022 inautambua. Mtoto analelewa kikamilifu na kubaki na ukoo wake.

Tusiwasahau akina mama wa kambo. Kuna nyumba ambazo mama alifariki akijifungua, na mke mwingine akachukua kile kichanga akakilea. Mama huyo naye anaweza kuomba kuasili pamoja na mume wake. Dada, ukiwa umemnyonyesha, ukamlisha na kukesha naye, usione haya kuuliza haki yake na yako.

Na kwa wasikilizaji wa Kakuma na Kalobeyei: kwa mtoto mkimbizi tahadhari ni kubwa zaidi. Baba aliyepotea vitani huenda yu hai Sudan Kusini au Kongo. Kwanza atafutwe. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya husaidia familia kutafutana. Endelea kumlea mtoto kwa upendo, na ongea na wahudumu wa ulinzi wa watoto kambini kabla ya hatua nyingine yoyote.

(Muziki mfupi)

Sasa nimebakiza jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko mahakama. Mtoto aambiwe nini?

Wazazi wengi husema, "Tutamwambia akiwa mkubwa." Lakini mtoto huambiwa na watu wengine. Ataambiwa kisimani, na mwenzake aliyekasirika: "Huyo si baba yako." Siku hiyo mtoto hurudi nyumbani na mtungi mtupu. Anaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Anapigana. Anaacha chakula, au analalamika tumbo na kichwa kila asubuhi ya shule. Tunampa dawa ya minyoo, na kumbe kinachouma ni swali.

Mwambie mapema, kwa maneno mafupi. Mtoto wa miaka minne anaweza kuambiwa: "Ulitoka tumboni mwangu. Kuna baba aliyekuzaa, yuko mbali. Na huyu ni baba anayekulea, alikuchagua." Inatosha. Akikua ataongeza maswali, nawe ongeza majibu. Usimtukane yule aliyeondoka mbele ya mtoto, kwa sababu mtoto akisikia baba yake ni mbwa, anajiuliza yeye mwenyewe ni nani. Na usimpambe kwa uongo pia. Sema, "Sijui kwa nini hakurudi. Si kosa lako." Maneno hayo matatu, si kosa lako, yarudie mara nyingi.

Ukweli huo una faida hata kwa daktari. Kama katika ukoo wa baba mzazi kuna seli mundu, kifafa, pumu au kisukari, mtoto anapaswa kujua. Mama, kama unakumbuka chochote juu ya afya ya ukoo ule, mwambie mhudumu kliniki akiandike kwenye kijitabu cha mtoto.

Na baba wa kambo, usimtenge mtoto katika mambo madogo. Mtoto huhesabu. Anaona nani aliyepewa maziwa kwanza, nani aliyenunuliwa viatu, nani anayetumwa kuni kila siku. Karatasi ya mahakama haiwezi kulisha moyo ulionyimwa kikombe. Na mama, ukiona mume anamtesa mtoto wako, au anamshika kwa njia isiyofaa, usinyamaze ili ndoa isimame. Piga simu namba 116, ni bure, mchana na usiku. Au mwendee afisa wa watoto, chifu, au polisi.

Mpenzi msikilizaji, tumalizie kwa kukumbushana.

Mtoto mgonjwa mahututi apelekwe hospitali kwanza, karatasi baadaye.

Andikisha kuzaliwa kwa mtoto kabla ya miezi sita, hata kama baba hayupo. Usiandike uongo.

Kuasili hufanywa na Mahakama Kuu, na safari huanzia kwa afisa wa watoto.

Mzazi aliyeondoka atafutwe kwa kweli, na kumbukumbu zitunzwe.

Wakati mnasubiri, andikeni wosia na mtaje mlezi.

Mwambieni mtoto ukweli ninyi wenyewe, kabla hajausikia kisimani.

Tukimrudia yule baba kwenye benchi: hakuhitaji kuambiwa ampende mtoto, kwani ndiye aliyembeba kuvuka laga. Alihitaji tu mtu wa kumwambia mapema kwamba kuna njia. Kama unamjua baba kama huyo, au mama kama huyo, mfikishie habari hizi leo jioni.

Watunze watoto, nawe ujitunze.